Farasi, nyumbu na samaki wa kuachiwa: safari za kuvua trauti milimani Montana



Kijana mmoja wa Moshi, ambaye kazi yake ni kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, kaniuliza swali ambalo kwanza lilinichekesha, halafu likaninyima usingizi. Anasema: "Kaka, kuna mgeni kanihadithia eti kwao Marekani watu wanalipa maelfu ya dola, wanapanda farasi siku nzima kuingia porini, wanavua samaki, halafu wanamrudisha mtoni akiwa mzima. Hivi ni kweli au alikuwa ananizuga?"

Mdogo wangu, hajakuzuga. Najua kwa sababu msimu mmoja wa kiangazi nilifanya kibarua kwenye safari za namna hiyo kule Montana, kaskazini magharibi mwa Marekani. Cheo changu kilikuwa kuosha masufuria, kuchanja kuni na kukimbizana na nyumbu alfajiri. Farasi nilikuwa sijawahi hata kumgusa.

Basi leo naweka maelezo yote hapa, ili siku nyingine mtu akiuliza tumwelekeze. Nimeyapanga kwa namba. Kama dakika zako za kafe zinakimbia, ruka moja kwa moja unapopataka.

1. NI SAFARI YA NAMNA GANI

Kwa ufupi ni hivi. Mwenye kampuni ana leseni, ana farasi, nyumbu, mahema na watu wake. Wageni wanafika mwisho wa barabara ya vumbi, mahali gari linapokoma. Pale wanapandishwa kwenye farasi, mizigo inafungwa juu ya nyumbu, na msafara unaingia milimani kwa njia ya miguu tu. Siku tano mpaka nane hivi wanakaa kambini, wanavua, wanakula vizuri, wanarudi.

Kuna aina kuu tatu. Ya kwanza, msafara unawashusha wageni na mizigo halafu unaondoka, wanajitegemea mpaka siku ya kufuatwa. Hii ndo ya bei ndogo. Ya pili, kiongozi, mpishi na wanyama wanabaki nanyi muda wote. Ya tatu ndo ilinishangaza kuliko zote: nyumbu wanabeba boti za mpira zikiwa zimekunjwa kama magodoro, zinajazwa upepo huko juu mtoni, halafu wageni wanarudi kwa maji huku wanavua.

2. WAPI HASA

Sehemu zipo nyingi katika Milima ya Rocky, lakini naongelea ninayoijua: Pori la Bob Marshall. Wenyeji wanaliita "Bob" tu, kama jina la mjomba. Ukiliunganisha na mapori mawili jirani, Great Bear na Scapegoat, unapata eneo la ekari milioni 1.5 hivi, yaani kilomita za mraba kama 6,000. Ni zaidi ya mara tatu ya Hifadhi ya Kilimanjaro. Na ndani yake hamna barabara hata moja.

Katikati unapita mto unaoitwa South Fork wa Flathead. Upande wa mashariki kuna ukuta wa mawe ya chokaa, Chinese Wall, wenye urefu wa kilomita 35 hivi na kwenda juu zaidi ya mita 300. Ukifika chini yake unajiona sisimizi.

Jina limetokana na Bob Marshall, bwana misitu aliyezaliwa 1901 na kufariki 1939 akiwa na miaka 38. Alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha kutetea mapori, Wilderness Society, mwaka 1935. Alisifika kwa kutembea. Maili 30 kwa siku milimani kwake ilikuwa kawaida. Pori lilipewa jina lake 1940.

3. SHERIA INAYOSABABISHA YOTE HAYA

Hapa ndo roho ya habari. Tarehe 3 Septemba 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Mapori. Aliyeiandika na kuipigania miaka mingi, Howard Zahniser, alikuwa amefariki miezi minne tu kabla, hakuiona ikipita.

Usichanganye na hifadhi ya taifa. Hifadhi ya taifa ya Marekani inaweza kuwa na lami, hoteli na duka la ice cream. Pori la sheria ya 1964 halina. Ndani yake ni marufuku gari, pikipiki, boti ya injini, hata baiskeli. Hata chensoo! Mti ukianguka njiani, wafanyakazi wa Idara ya Misitu wanaukata kwa msumeno wa kuvutana watu wawili, huku na huku, kama mbao zilivyokuwa zinapasuliwa kwa mkono vijijini kwetu. Kituo cha askari misitu cha Big Prairie kiko katikati kabisa ya pori, na chakula chao kinafika kwa mgongo wa nyumbu.

Biashara nayo kwa jumla imekatazwa, isipokuwa huduma zinazomwezesha mtu kulifurahia pori kama pori. Kwa mlango huo mdogo ndo makampuni ya farasi yanaingia, tena kwa kibali. Hawaruhusiwi kujenga hoteli. Kambi ni mahema, na msimu ukiisha yanang'olewa. Kundi lina kikomo, watu 15 na wanyama 35.

Sasa fikirieni, wadau. Kama pangekuwa na barabara, mgeni angeendesha mwenyewe saa mbili, angevua, angerudi mjini kula pizza. Mwenye farasi angekuwa hana kazi. Mpishi hana kazi. Mimi mwosha sufuria sina kazi. Anacholipia yule mgeni, ukichambua sana, ni barabara ambayo haipo. Na haipo kwa sababu sheria imeizuia.

4. NYUMBU (SIYO WALE WA SERENGETI)

Kwa Kiswahili tumejitia kwenye matatizo. Nyumbu ni yule wa Serengeti anayevuka Mto Mara, na nyumbu pia ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Nazungumzia huyu wa pili. Na wale mnaowatukana wenzenu kwenye siasa kwamba ni nyumbu, eti anafuata tu kundi, huyu wa Montana angewashangaza. Huyu hafuati ujinga. Ukimpeleka kwenye daraja bovu anasimama, na hata umpige vipi hasogei. Mara nyingi yeye ndo yuko sahihi.

Mgeni anapanda farasi, mzigo unapanda nyumbu. Nyumbu ana mguu wa uhakika kwenye njia nyembamba, anakula kidogo, anavumilia. Anabeba kama kilo 60 mpaka 70. Kule Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, kwa hiyo nyumbu mmoja ni wagumu watatu na chenji inabaki. Nyumbu wanafungwa kwa kamba mmoja nyuma ya mwingine, msururu wa sita mpaka kumi, mbele yuko mtu juu ya farasi.

Siri ya kufunga mzigo ni usawa. Kila kitu kinafungwa ndani ya turubai, vifurushi viwili, kimoja kushoto kimoja kulia, na vinapimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Vikipishana hata kilo mbili tatu, tandiko linaanza kuhama taratibu. Linahama, linahama, mwisho linakwenda chini ya tumbo. Nyumbu akihisi kitu kinampiga miguu anaona kafuatwa na shetani.

Nasema kwa uchungu, maana yalinikuta. Wiki yangu ya pili nilipima haraka haraka, nikaona kilo tatu siyo kitu. Baada ya saa mbili njiani tandiko likageuka. Yule nyumbu alirusha mateke, akakata kamba, akateremka mlimani na magunia ya viazi yakiruka hewani. Wenzake watatu wakamfuata. Tulitumia mchana mzima kuwakusanya. Mmoja alikuwa amechanika bega, damu inamwagika, na daktari wa mifugo yuko mbali siku nzima ya farasi. Bosi hakunigombeza. Alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Huyu atarudi nyumbani bila mzigo. Wewe utabeba wako mgongoni." Nikatembea maili kumi na moja na begi. Tangu siku ile napima mara mbili.

Usiku wanyama wanaachiwa wale majani, wengine wamefungwa miguu ya mbele kwa mikanda, wengine wana kengele shingoni. Ujanja wa zamani ni kumfunga kengele farasi jike, kwa sababu nyumbu wanampenda sana na hawaendi mbali naye. Alfajiri kazi yangu ilikuwa kusikiliza kengele gizani na kwenda kuwaleta. Chakula cha ziada kinachoingizwa lazima kiwe na cheti kwamba hakina mbegu za magugu mageni. Hata nyasi zina cheti!

5. SAMAKI MWENYEWE

Trauti ni jamii ya samaki wa maji baridi na safi. Katika South Fork wanaotafutwa ni wawili.

Wa kwanza ni trauti wa koo nyekundu, anayeitwa westslope cutthroat. Chini ya taya ana mistari miwili ya rangi ya chungwa au nyekundu, kama mtu aliyechinjwa, na ndo maana ya jina. Anakula wadudu wanaoelea. Kwa hiyo mvuvi hatumii minyoo. Anatumia ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka inafanana na panzi au mdudu wa mtoni, anaitua juu ya maji kwa mshipi mrefu, taratibu, kama mdudu kaanguka mwenyewe. Kiangazi cha kule juu ni kifupi, samaki ana miezi michache tu ya kushiba, ndiyo maana anaivamia ndoano bila kufikiri sana. Nilishuhudia mama wa miaka 70, hajawahi kushika fimbo ya kuvulia, akapata saba kabla ya chakula cha mchana.

Wa pili ni bull trout, mkubwa, mla wenzake, anaweza kufika kilo kadhaa. Huyu yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, majimbo yote anamoishi yakiwemo, tangu 1999. South Fork ni moja ya sehemu chache ambapo unaruhusiwa kumvua kwa makusudi, kwa kadi maalumu, na mtoni lazima umwachie.

Kwa nini hapa wapo na kwingine wamepungua? Hapa kuna historia ambayo mtu wa Mwanza ataielewa haraka kuliko mzungu yeyote. Mwaka 1905 samaki mgeni aitwaye lake trout aliingizwa kwenye Ziwa Flathead, chini kabisa ya mto. Baadaye akaongezeka akaanza kuwamaliza wenyeji. Yaani ni sangara wao! Sisi sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na furu wakaisha kwa mamia ya aina. Wao wakapata bahati ya ajabu. Mwaka 1953 lilikamilika bwawa la umeme la Hungry Horse, ukuta wa mita 172 ukafunga South Fork. Bwawa liliwazuia bull trout waliokuwa wanapanda kutoka ziwani kuja kuzaa, hasara kubwa. Lakini bwawa hilo hilo likamzuia na sangara wao asipande. Samaki wa juu wakabaki salama nyuma ya zege. Kitu kilichojengwa bila kuwafikiria kabisa ndo kimewaokoa.

Jina la bwawa lenyewe linahusu farasi. Wanasema majira ya baridi ya 1900 kuelekea 1901 farasi wawili wa kuvuta mizigo, Tex na Jerry, walipotea kwenye theluji. Baada ya mwezi hivi wakakutwa wamebaki mifupa, wamezama kwenye theluji mpaka matumboni. Walilishwa wakapona. Tangu hapo mahali pakaitwa Farasi Mwenye Njaa.

Tena, mwaka huo huo wa 1905 ndo Ewart Grogan alipeleka trauti Kenya, akawamwaga kwenye Mto Gura, milima ya Aberdare. Kwa hiyo mdau wa Nyeri ukivua trauti leo, huyo samaki ni mgeni mwenzangu. Tofauti ya kule Bob ni kwamba koo nyekundu ni mwenyeji. Ndiyo maana wanamlinda kwa wivu. Kuanzia 2007 wataalamu waliingia hata kwenye maziwa madogo ya juu milimani, wakaua kwa dawa trauti chotara na wageni waliopandikizwa zamani, wakarudisha wenyeji halisi.

6. KWA NINI WANAMWACHIA?

Swali la mdau wa Moshi. Hata mimi mama yangu angeniona namrudisha samaki wa nusu kilo mtoni angeniombea.

Hesabu ni rahisi. Maji ni baridi, samaki anakua polepole, mtoni hawapo wengi kiasi hicho. Kila mgeni akila wawili kwa siku, baada ya misimu michache mto mtupu, na biashara imekufa. Samaki mmoja akiachiwa vizuri anavuliwa tena wiki ijayo na mtu mwingine aliyelipa.

Lakini kuachia kuna ufundi. Kibanzi cha ndoano kinabanwa kwa koleo ili itoke bila kuchana. Mikono inaloweshwa kwanza, kwa sababu mkono mkavu unatoa ule utelezi unaomkinga samaki na magonjwa. Anashikwa ndani ya maji, kichwa kimeelekea mkondo, mpaka apate nguvu. Na maji yakipata joto sana, jimbo la Montana linaweza kufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana mpaka saa sita usiku, kwa sababu samaki aliyechoka kwenye maji ya moto hapumui vizuri.

Sasa nisiwadanganye kwamba siku zote inafanikiwa. Kuna mgeni alipata bull trout mkubwa, urefu kama mkono wangu wote. Akataka picha. Picha moja, mbili, kamera imezima, ngoja tena, geuka huku jua lipige. Kiongozi alisema mara mbili samaki arudi majini, mgeni akajibu: "Nimelipa, nipe dakika moja." Alipomrudisha, yule samaki aligeuka tumbo juu. Kiongozi aliingia mtoni mpaka kiunoni, akamshikilia kwenye mkondo karibu nusu saa, hasemi kitu. Hakuzinduka. Jioni ile kambini hakuna aliyesimulia hadithi, na mgeni mwenyewe hakula. Nikaelewa kwamba sheria ya karatasi inafika mpaka mlangoni tu. Humo ndani anayeisimamia ni mtu wa mshahara anayemtegemea mgeni kwa bahshishi.

7. DUBU

Mtauliza tu. Ndiyo, wapo, tena wale wakubwa wa kahawia, grizzly. Ukanda ule una zaidi ya 1,000. Kwa hiyo chakula, dawa ya meno, sabuni, hata chakula cha farasi, vyote vinafungiwa kwenye masanduku maalumu ya chuma au vinaning'inizwa mtini, mita tatu kutoka chini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina. Kila mtu ana kopo la pilipili ya kupulizia kiunoni. Msimu mzima niliona dubu mara mbili, wote wakinipa mgongo. Walionitesa ni mbu.

8. PESA NA KAZI

Safari ya wiki na kiongozi na mpishi ni dola elfu kadhaa kwa mtu mmoja. Juu yake kuna leseni ya uvuvi ya jimbo, na bahshishi kwa wafanyakazi.

Usidhani mwenye kampuni analala kwenye noti. Msimu wa uvuvi ni toka mwishoni mwa Juni theluji ikiyeyuka mpaka katikati ya Septemba, halafu wanaanza wawindaji. Farasi wanakula miezi 12. Moto wa msitu ukiwaka Agosti, wageni wanafuta safari na nyasi zimeshanunuliwa.

Na wafanyakazi? Nililipwa kwa mwezi, siyo kwa saa. Siku inaanza saa kumi alfajiri na kuisha saa nne usiku. Nilipogawanya mshahara kwa masaa nikaamua nisigawanye tena. Sitaitaja kampuni, na kusema kweli chakula kilikuwa kizuri na bosi mtu wa haki kwa mengi. Ila mnajua kilichoniuma? Mgeni ananiambia "una bahati, unalipwa kuishi peponi." Kila mpagazi wa Kilimanjaro ameshaambiwa sentensi hiyo.

Vijana mnaotafuta kazi za farasi Marekani kwenye mtandao, naomba mnisikilize. Mwajiri wa kweli haombi hela kwako. Ukiona barua pepe inakuambia umepata kazi ranchi, tuma ada ya viza kwa mtu fulani, funga hiyo kurasa. Wamelizwa wengi.

9. WALIOKUWEPO KABLA YA BOB

Brosha za kampuni zinasema pori halijaguswa na binadamu. Siyo kweli. Njia nyingi tulizopita na farasi ni za watu wa Salish, Kootenai, Pend d'Oreille na Blackfeet, waliovuka milima ile kuwinda na kuvua miaka mingi kabla hajazaliwa Bob Marshall. Bull trout ilikuwa mboga yao ya uhakika.

Mkataba wa Hellgate wa 1855 uliwahamishia Salish na wenzao kwenye eneo dogo, lakini uliwabakizia haki ya kuwinda na kuvua kwenye ardhi yao ya zamani. Oktoba 1908 familia za Pend d'Oreille zilikuwa kwenye bonde la Swan, ng'ambo ya mlima tu kutoka South Fork, wanawinda, na vibali wanavyo. Afisa wanyamapori akawavamia kambini. Waliuawa wanne, na afisa mwenyewe akafa pale pale. Kosa lao lilikuwa kuwinda kwao.

Mmasai aliyehamishwa Serengeti 1959 haitaji kutafsiriwa habari hii.

Lakini haikuishia kwenye kulia. Mwaka 1982 makabila hayo yalitangaza pori lao wenyewe, Mission Mountains, kwa sheria ya kabila. Lilikuwa la kwanza la namna hiyo Marekani. Kila kiangazi wanafunga kipande kimoja, haingii mtu, ili dubu wale wadudu wao kwa amani. Wamechukua wazo lile lile la kuzuia barabara, ila safari hii anayeshika ufunguo ni mwenye nyumba.

10. INATUHUSU NINI SISI

Mwaka 2019 serikali yetu iliposema inafikiria gari la kwenye waya Kilimanjaro, wapagazi na viongozi walipiga kelele kwamba ajira zitakwisha. Wengi mjini waliwacheka, eti wanapinga maendeleo. Mimi nilikumbuka msumeno wa kuvutana. Kuna nchi tajiri kuliko zote duniani iliyokaa bungeni ikaamua kwamba milima mingine isifikiwe kwa mashine, kwa makusudi, na kutokana na uamuzi huo watu wenye nyumbu wanaendelea kula.

Sisemi tuige kila kitu. Kilimanjaro hatuna nyumbu, mzigo uko kichwani na shingoni kwa binadamu, na hilo linabadilisha mazungumzo. Kama mlima utaendelea kupandwa kwa miguu, basi anayebeba alipwe kama mtu ambaye bila yeye safari haipo. Kule Bob nilijifunza kwamba sheria inaweza kumlinda samaki, ikalinda mti, ikalinda mpaka nyasi kwa cheti, halafu ikamsahau mwosha sufuria.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Moshi, mgeni wako alisema kweli. Safari nyingine akikuhadithia, nawe muulize: yule aliyewafungia mizigo alilipwa shilingi ngapi? Utamjua ni mtu wa namna gani kwa jibu lake.

Haya wadau, uwanja wenu. Nyie mliobeba mizigo Marangu na Machame, mliovua trauti Nyeri, na mliopo Marekani mnaojua farasi kuliko mimi, mwageni vitu hapo chini. Nikikosea nisahihisheni, ila matusi hapana.

Nawasilisha.